Shajara ya mradi: asidi ya laktiki kwa bakteria, siku 58 za kwanza

Siku ya 1

Leo ndo tumeanza rasmi, naandika kila kitu hapa ili wiki zijazo tusije tukabishana nani alifanya nini lini. Mradi wenyewe ni huu: tunataka kutengeneza asidi ya laktiki kwa bakteria, tuisafishe mpaka ifae kutengenezea plastiki, na kazi yote tuifanye kwa fementa (tangi la kuchachushia) ya kioo ya lita 2 ambayo tunaijaza lita moja na nusu tu ili povu lipate pa kukaa. Tuko watatu. Mimi niko na fementa, dada mmoja yuko kwenye vipimo (sukari, asidi, hadubini, chochote cha kupima ni yeye) na jamaa mwingine anashika upande wa kusafisha, yaani kuitoa asidi kwenye mchuzi (majimaji wanamokulia bakteria) wakishamaliza kazi yao.

Laktiki tumeichagua kwa sababu ya hesabu. Glukosi moja ikiingia kwa bakteria zinatoka laktiki mbili na hakuna kaboni inayopaa hewani, kwa hiyo gramu 100 za sukari zinaweza kabisa kutoa gramu 100 za asidi. Linganisha na hamira inayotengeneza ethanoli, kule karibu nusu ya uzito wa sukari inaondoka kama kaboni dayoksaidi hata ufanye kila kitu sawasawa. Na si kitu kipya, mkemia Scheele aliitoa asidi hii kwenye maziwa yaliyochacha mwaka 1780 kule Sweden, na kufikia 1881 Avery alikuwa anaitengeneza kibiashara huko Littleton, Massachusetts, Marekani, kwa kuchachusha. Kipya ni matumizi: plastiki inayotokana na sukari badala ya mafuta ya petroli, na viyeyusho kama ethili lakteti. Mi binafsi naamini kemikali nyingi tunazozitumia zinaweza kurudi kwenye sukari na bakteria, ndo maana niko hapa.

Bakteria wa kuanzia ni Lacticaseibacillus rhamnosus. Anapenda nyuzi 37 na anatoa laktiki ya aina ya L (laktiki iko ya aina mbili, L na D), ndo tunayoitaka.

Siku ya 3

Flaski sita, kila moja mililita 100, glukosi gramu 10, dondoo ya hamira na chumvi kidogo. Tatu hatukuweka kitu cha kupunguza asidi, makusudi, tuone wenyewe.

Zimesimama. Kufika saa ya 24 pH (kipimo cha uchachu, ikishuka uchachu umepanda) iko 3.8 na haishuki tena, sukari iliyoliwa ni kama moja ya tano tu, iliyobaki imekaa pale bakteria wanaiangalia. Sababu inajulikana lakini ukiiona kwa macho inakukaa kichwani vizuri zaidi. Asidi ikiwa nzima, yaani haijaachia haidrojeni yake, haina chaji na inapita kwenye ngozi ya seli kama mlango uko wazi. Ikishaingia ndani, ambako pH iko juu, inaachia haidrojeni pale pale. Seli inabidi itumie nguvu kuisukuma nje, na nguvu yenyewe ni ndogo, glukosi moja inampa ATP (sarafu ya nguvu ya seli) 2 tu, sasa zote zikienda kwenye kusukuma haidrojeni hakuna ya kukulia. Kwenye pH 3.86 nusu ya asidi yote iko nzima. Ukipanda mpaka pH 6 iliyobaki nzima haifiki hata asilimia 1.

Kwa hiyo tunamlinda bakteria kwa kuigeuza asidi yake kuwa chumvi kadiri anavyoitoa. Njia ya zamani kuliko zote ni kalsiamu kaboneti, ule unga mweupe kama chaki.

Siku ya 5

Flaski tatu zenye chaki zimefanya vizuri mno, sukari karibu yote imeliwa ndani ya saa 48.

Hapa kuna ujanja mmoja napenda uandikwe maana hauhitaji mashine yoyote. Chaki ikikutana na asidi inatoa kaboni dayoksaidi, na kwa kila gramu moja ya laktiki gesi inayotoka ni gramu 0.244. Ina maana flaski inapungua uzito kadiri asidi inavyotengenezwa, unaiweka tu kwenye mizani kila baada ya saa kadhaa! Flaski yenye gramu 10 za sukari ikimaliza kabisa inapoteza gramu 2.44. Zetu zimepoteza 2.2, sawa na asidi gramu 9, na dada wa vipimo alivyopima kwa njia yake akapata hiyo hiyo. Ila lazima uweke na flaski moja isiyo na bakteria pembeni, kwa sababu maji nayo yanapotea kwa joto, ukisahau kuyatoa kwenye hesabu utajipongeza bure.

Kitu ambacho hakifai kabisa ni kupima wingi wa bakteria kwa mwanga. Chaki inafanya mchuzi uwe mweupe tii, mashine inasoma chaki, haisomi seli. Inabidi uchukue sampuli, uweke tone la asidi ya haidrokloriki chaki iyeyuke yote, ndo upime.

Siku ya 9

Raundi ya 1 kwenye fementa. Lita 1.5, glukosi gramu 150, chaki gramu 90.

Saa ya 12 mpaka ya 20 ni povu tu. Nilishapiga hesabu kabla kwamba gesi itakayotoka ni lita 20 hivi kwa ujumla, lakini hesabu kwenye karatasi ni tofauti na kuiona inapanda kwenye kioo, povu zito limebeba unga wa chaki linakwea mpaka kwenye filta ya hewa juu. Filta ikilowa imekufa, presha inapanda ndani na ukifungua umeshaingiza uchafu. Nikaweka dawa ya povu ile ya silikoni, tone, tone, alafu nikaongeza, alafu nikaongeza tena. Povu likashuka. Naandika hapa kwamba niliweka nyingi kuliko nilivyopanga maana najua jamaa wa kusafisha atauliza.

Siku ya 11

Matokeo ni gramu 94 za laktiki kwa lita. Kwa raundi ya kwanza tumefurahi sana.

Tukamwaga mchuzi kwenye ndoo safi tukaiweka kwenye chumba cha baridi, tukasema kesho tutachuja tukiwa na nguvu. Asubuhi jamaa kafungua ndoo kakuta limeganda. Lote. Ukiinamisha ndoo halitembei, juu lina rangi ya krimu kama nta, ukichoma kijiko kinasimama wima chenyewe, ukivunja unaona ndani vinyuzi vyeupe vyembamba vimeshikana kama pamba. Ni kalsiamu lakteti, yaani chumvi ya laktiki na kalsiamu ya chaki. Kwenye maji ya joto inayeyuka vizuri, kwenye baridi inayeyuka kidogo sana, na sisi tulikuwa na nyingi mno.

Tukaiweka ndoo kwenye maji ya nyuzi 65, baada ya saa moja na nusu ikarudi kuwa mchuzi, tukachuja ikiwa ya moto. Na filta ikaziba, na jamaa akauliza, na jibu lilikuwa ile dawa ya povu. Silikoni inakaa kwenye vitundu vya filta haitoki. Raundi zote zijazo: povu linazuiwa kwa kuweka chaki kidogo kidogo badala ya kuimwaga yote mwanzoni, na dawa inakuwa ya mwisho kabisa.

Ila kwenye lile janga tumepata kitu. Fuwele zinapojitengeneza zinaacha nje rangi, sukari iliyobaki na protini nyingi, kwa hiyo kugandisha ni kusafisha tayari. Viwanda vya mwanzo vilipitia humo humo, unagandisha kalsiamu lakteti, unaiosha kwa maji baridi kidogo, unaiyeyusha tena. Kuanzia leo chumba cha baridi ni hatua rasmi ya kazi.

Siku ya 16

Raundi ya 3 imeharibika.

Pua ndo iliyotangulia kujua. Mchuzi wa rhamnosus una harufu laini ya kuchacha, huu ulikuwa na ukali fulani nyuma yake kama siki. Namba za asidi zilikuwa za kawaida, gramu 88 kwa lita, na kama tungeangalia namba peke yake tungeendelea. Dada akapaka kwenye kioo, akaweka rangi, akaangalia, akaniita. Vijiti vyembamba vya rhamnosus viko pale katikati, alafu pembeni yake kuna vijiti vinene, na ndani ya baadhi yake kuna kidoa cha mviringo kisichoshika rangi, kinang'aa. Hiyo ni spora, ile hali ngumu ya bakteria ya kujihifadhi. Rhamnosus hatengenezi spora hata siku moja, huyo ni mgeni.

Kipimo cha L na D ndo kikatumaliza: L imeshuka mpaka asilimia 91. Wapo bakteria wa spora wanaotengeneza laktiki ya aina ya D, Sporolactobacillus inulinus ni mmoja wao, na kwa matumizi mengi wala isingekuwa shida. Kwa plastiki ni shida kubwa. Molekuli za L na D ni kama mkono wa kulia na wa kushoto, mnyororo ukiwa na L tupu unajipanga vizuri na plastiki yake inayeyuka kwenye nyuzi 170 na kitu, ukichanganya D mpangilio unavunjika, na zikizidi haitengenezi fuwele kabisa, inalainika tu karibu na nyuzi 60. Asidi imechanganyika namna hiyo na huwezi kuitenganisha kwa kuchuja wala kugandisha kirahisi. Gramu 130 na zaidi tumemwaga.

Siku ya 18

Tumempata mkosaji. Ni chaki. Tulikuwa tunaiweka kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa presha) ikiwa kavu, kwenye chupa, nyuzi 121 dakika 15, tukaamini imekufa kila kitu. Mvuke unaua kwa sababu una maji, na kwenye unga mkavu uliojibana mabonge mvuke hauingii, katikati ya bonge spora inapata joto kavu tu kwa dakika chache na joto kavu la nyuzi 121 spora hailiogopi. Tulipopaka chaki ile "safi" kwenye sahani ya chakula cha bakteria kesho yake kulikuwa na makoloni.

Njia mbili zinafaa: uipike ikiwa tope, imelowa vizuri, au kwenye oveni kavu nyuzi 170 kwa saa 2. Tumechagua tope.

Niandike pia kosa lingine tulilorekebisha siku hii hii. Sukari na dondoo ya hamira tulikuwa tunavipika pamoja na mchuzi unatoka wa kahawia. Sukari ikipikwa na protini inaleta rangi, na ile rangi inakufuata mpaka mwisho. Sasa sukari inapikwa chupa yake, tunachanganya baadae.

Siku ya 20

Leo hatukupika chochote, tumekaa kuamua.

Nilikuwa nasoma historia ya asetoni. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia Uingereza ilihitaji asetoni ya kutengenezea kodaiti, ile baruti isiyo na moshi, na mkemia Weizmann aliyekuwa Manchester akaja na bakteria anayekula wanga na kutoa asetoni, butanoli na ethanoli kwa uwiano wa karibu 3 kwa 6 kwa 1. Huyo ndo Clostridium acetobutylicum. Ulikuwa uchachushaji mkubwa wa kiwanda na baadae viwanda vyake vikasambaa nchi mbalimbali mpaka petroli ya bei rahisi ilipouondoa. Sasa ukisoma yaliyowasumbua wale watu unaona ni haya haya ya kwetu. Wageni kwenye tangi, virusi vya bakteria vinavyoua raundi nzima, na kikubwa kuliko vyote, butanoli inamuua anayeitengeneza. Ikifika gramu 13 hivi kwa lita bakteria kashasimama, na hiyo iliyobaki yote ni maji unayotakiwa kuyachemsha kwa kulipia kuni au gesi ili upate kitu kidogo.

Kwa hiyo nimeandika ubaoni maswali mawili na kila uamuzi wa mradi kuanzia sasa tunaupitishia hapo: bakteria anavumilia kiasi gani cha anachotengeneza, na tukishakipata kwenye maji tunakitoaje. Mwanzoni niliweka nguvu zote kwenye kumlea bakteria, nikaona kusafisha ni mambo ya mwishoni. Sasa naona kwamba kila tunachomwekea bakteria leo, chaki, dawa ya povu, dondoo ya hamira, kuna mtu wa kukitoa kesho.

Uamuzi: tunabadilisha bakteria. Tunaenda kwa Bacillus coagulans, siku hizi majina yake yanabadilika badilika kwenye vitabu lakini sisi tunamwita hivo. Mtafiti Hammer alimpata mwaka 1915 huko Marekani kwenye maziwa ya kopo yaliyoganda. Anakaa nyuzi 50 mpaka 55 bila tabu, anatoa L karibu tupu, na kwenye nyuzi 50 wageni wengi wa kawaida wa hewani na kwenye mikono hawakui.

Siku ya 24

Coagulans kaanza polepole, na kosa ni kwamba tulilea mbegu (kundi dogo la bakteria wa kuanzishia) bila hewa kama tulivyozoea kwa rhamnosus. Yeye akiwa mdogo anataka hewa. Flaski ya mbegu tukaitikisa usiku, imejaa vizuri kufika asubuhi, tukaiingiza kwenye fementa na kufunga hewa, akahamia kwenye kutengeneza asidi.

Siku ya 27

Raundi ya 5, gramu 102 kwa lita ndani ya saa 40, L zaidi ya asilimia 99. Na kitu ambacho sikukitegemea kunipa raha: kwenye nyuzi 50 kalsiamu lakteti haigandi ndani ya fementa. Rhamnosus mwishoni mchuzi wake ulikuwa unakuwa mzito hadi mota inalalamika, huyu mpaka saa ya mwisho unazunguka mwepesi, unautoa wa moto, unachuja wa moto, alafu unaupeleka baridini ugande unapotaka wewe.

Siku ya 31

Raundi ya 6 na ya 7 tumejaribu wanga badala ya glukosi. Kawaida wanga unaukata kwanza, kimeng'enya cha amilasi kinaulainisha kwenye joto kali, alafu glukoamilasi inaumalizia kuwa glukosi kwenye nyuzi 55 au 60 kwa saa nyingi, ndo bakteria anapewa. Coagulans anatupunguzia hatua nzima, kwa sababu joto lake na joto la glukoamilasi yanakutana. Tumelainisha wanga, tumeshusha mpaka nyuzi 50, tumemwaga kimeng'enya na mbegu kwa wakati mmoja. Kimeng'enya kinakata, bakteria anakula hapo hapo, glukosi haijawahi kupita gramu 30 kwa lita muda wote. pH tumeweka 5.5, kimeng'enya kingependa chini ya hapo na bakteria juu kidogo, wote wawili wamekubali.

Gramu 97 kwa lita. Saa 52 badala ya 40, lakini tumeokoa siku nzima ya kupika wanga.

(Huyu coagulans ana jambo lingine linalonivutia mno, anakula xylosi, sukari iliyojaa kwenye mabua na maganda. Bakteria wengi wa laktiki wakipewa xylosi wanaigawa, nusu laktiki nusu asidi ya siki. Huyu anaipitisha njia nyingine inayotoa laktiki 5 kwa xylosi 3, hamna siki. Tukimaliza huu mradi nataka niende huko.)

Siku ya 36

Leo tumeingia kwenye kuitoa asidi kwenye chumvi yake.

Tumechukua fuwele zilizooshwa, gramu 100. Fuwele hizi zina maji ndani yake kwa hiyo kwenye gramu 100 laktiki iliyomo ni 58 tu. Unayeyusha kwa moto, unaweka asidi ya salfuriki, gramu 32 hivi, kalsiamu inaikimbilia salfeti inakuwa jasi inazama, laktiki inabaki kwenye maji ikiwa huru. Kwenye karatasi ni mstari mmoja. Kwenye bika ni hivi: unadondosha asidi taratibu huku unakoroga, dakika mbili hakuna kitu, alafu ghafla kote kunakuwa kweupe, kunakuwa kuzito, kikorogeo kinakwama, inabidi ukoroge kwa mkono kwa fimbo ya kioo na ule uzito unausikia mpaka kwenye kiwiko. Tumechuja. Keki ya jasi iliyobaki kwenye filta imeshika maji mengi na kwenye hayo maji kuna laktiki yetu, tumeiosha mara tatu, kila kuosha kunaongeza maji ambayo tutayachemsha baadae.

Jasi ikakauka tukaipima. Gramu 55.

Ndo hapo niliposimama. Tumepata gramu 53 za asidi na gramu 55 za jasi. Kilo kwa kilo. Na sio kwamba tumekosea, ndo kemia yenyewe ilivyo, kila laktiki 2 zinabeba kalsiamu 1 na ile kalsiamu lazima iende mahali. Kiwanda kinachotengeneza tani elfu moja za asidi kwa njia hii kina karibu tani elfu moja za jasi yenye mabaki ya bakteria na sukari ndani yake, na imetumia salfuriki na chaki ambazo zote zimechimbwa na kupikwa mahali. Nimeingia kwenye hii kazi nikitaka kemikali safi kutoka kwenye sukari, siwezi kukaa kimya mbele ya lile rundo jeupe.

Siku ya 41

Kuchemsha maji. Tumetumia mashine ya kuzungusha yenye vakyumu ili joto lisizidi 60, rangi kidogo tumeitoa kwa mkaa ulioamshwa. Asidi ilivyozidi kuwa nzito vipimo vikaanza kutudanganya, tukipima asidi kwa kudondosha alkali tunapata pungufu ya tuliyoiweka. Haijapotea. Laktiki ina kichwa cha asidi na mkia wa alkoholi, maji yakipungua zinashikana zenyewe kwa zenyewe, kichwa cha huyu kwa mkia wa yule, na iliyoshikana haihesabiki. Dada akaweka alkali ya ziada, akapasha zile minyororo midogo ikatike, akapima iliyobaki kwa kurudi nyuma, namba ikakaa. Ndo sababu pia huwezi kuiweka kwenye sufuria ukaichemsha ikatoka safi kama unavyotoa ethanoli, kabla haijapaa ishajifunga.

Siku ya 44

Tumejadili njia za kukwepa jasi. Amonia badala ya chaki inakupa amonia salfeti mwishoni, hiyo angalau ni mbolea. Magnesi inawezekana, chumvi yake inaweza kupikwa ikarudi kama ilivyokuwa. Wengine wamehamishia jeni ya kutengeneza laktiki kwenye hamira, maana hamira inavumilia pH ya chini kuliko bakteria, asidi inatoka ikiwa huru na alkali inayohitajika ni kidogo. Ni njia nzuri mno ila sisi ni watu wa bakteria na hatuna kibali wala vifaa vya kubadilisha jeni.

Tumechagua soda kali na umeme. Unaizuia asidi kwa soda wakati wa kuchachusha, unapata sodiamu lakteti ambayo haigandi wala haizibi kitu, alafu unaipitisha kwenye rundo la tando zenye umeme. Kuna utando wa pande mbili ambao unapasua maji yenyewe, haidrojeni upande mmoja na haidroksili upande wa pili. Lakteti inakimbilia kwenye haidrojeni inakuwa asidi, sodiamu inakimbilia kwenye haidroksili inakuwa soda, ile ile soda, na inarudi kwenye fementa.

Siku ya 50

Raundi ya 9 kwa soda. Gramu 71 kwa lita akasimama. Coagulans hapendi sodiamu nyingi kama alivyoipenda kalsiamu, chumvi inayoyeyuka yote inavuta maji kutoka kwenye seli. Hilo tumelikubali, bora 71 zisizo na jasi. Faida moja ni kwamba pampu ya soda inakuonyesha kila kitu, kila mililita iliyoingia ni laktiki iliyotoka, nakaa naangalia mstari unapanda kwenye skrini bila kuchukua sampuli.

Siku ya 53

Umeme umegoma. Saa 2 za mwanzo vizuri, alafu mkondo ukaanza kushuka tukiwa tumeacha volti pale pale. Tumefungua rundo. Upande wa soda kwenye utando kuna ukoko mweupe mwembamba, ukipitisha kidole ni kama unga wa sabuni. Tone la asidi likautoa wote. Ni kalsiamu na magnesi kutoka kwenye maji ya bomba na dondoo ya hamira, kidogo mno, lakini zikikutana na soda kali zinakuwa ukoko na zinafunga njia. Kalsiamu tumeikimbia kwenye fementa, imetufuata huku.

Sasa mchuzi unapita kwanza kwenye safu ya resini inayokamata kalsiamu na magnesi, na maji ya kutengenezea mchuzi ni yale yaliyotolewa ayoni, yaani chumvi zote zimeondolewa.

Siku ya 58

Raundi ya 10 imepita yote bila kusimama. Saa 6 kwenye umeme, mshale wa kipimo cha upande wa chumvi ukishuka taratibu, upande wa asidi ukipanda. Tumepata laktiki gramu 83 kutoka kwenye 98 tulizoziingiza, rangi yake ni ya njano hafifu hata kabla ya mkaa, L bado zaidi ya 99. Soda iliyorudi ni karibu robo tatu ya tuliyotumia, nyepesi kuliko tunavyotaka kwa hiyo tumeongezea soda mpya kidogo ifike pale pampu ilipozoea. Jasi ni sifuri. Gramu 15 zilizopotea ziko kwenye mchuzi uliobaki upande wa chumvi na zingine zimepenya tando, jamaa anataka kurudisha ule mchuzi kwenye raundi inayofuata aone kama bakteria atakubali.

Chupa ya soda iliyorudi imeshafungwa kwenye pampu. Mbegu ya raundi ya 11 iko inatikiswa kwenye nyuzi 50, tunaingiza kesho saa 2 asubuhi.